Sanduku la Kuka

Kabla ya kompyuta kuletwa, chumba cha mashine kilikuwa stoo ya mabeseni na mizani za kupimia watoto, na hata sasa kilinuka dawa ya kuoshea vidonda. Priscah Awinja alifika humo saa moja na nusu asubuhi, watu wa ofisi ya afya wakiwa bado hawajaanza kuitana varandani. Alipangusa vumbi, akavuta kiti, akainamisha kichwa.

"Nyasaye wangu," alisema kwa sauti ya chini, "mimi ni mtu wa darasa la saba. Wewe wanijua. Nisaidie nisiharibu kitu cha watu."

Kisha akawasha skrini. Ilikuwa Jumatatu, mwaka wa tisini na nane, na alikuwa na siku tano.

Mashine yenyewe haikuwa kubwa. Ilikaa juu ya meza ya mbao kando ya simu, na kazi yake ilikuwa ile ile ya posta ya mjini Kakamega: kupokea barua, kusoma anwani, na kutia kila barua katika sanduku la mwenyewe. Tofauti ni kwamba barua hizi hazikuwa za karatasi. Mara tatu kwa siku mashine ilipiga simu Nairobi yenyewe bila kuambiwa, modemu ikalia kama vyura waliokanyagwa, na katika kilio hicho barua zilizotaka kwenda zikaenda, na zilizotaka kuja zikaja.

Aliyeitengeneza ni Bwana Kuiper, Mholanzi, naye alikuwa anarudi kwao Jumamosi. Mkuu wa ofisi, Madam Jepkemboi, alikuwa amekwisha kutoa neno. Kama Ijumaa saa sita mchana hakutakuwa na mtu wa hapa awezaye kuiendesha mashine bila kushikwa mkono, itatiwa ndani ya boksi lake na kupelekwa ofisi ya Eldoret, na watu wa Kakamega watakuwa wakizifuata barua zao huko. Maneno hayo aliyasema mbele ya wafanyakazi wote. Aliyejitokeza ni Priscah, karani wa mafaili kwa miaka kumi na minne. Aliinua mkono kama mtoto wa shule.

Hakuna aliyemtuma. Ni miaka mitatu sasa alikuwa akisoma masomo ya jioni katika shule moja ya msingi karibu na Shirere, akibanwa na dawati la watoto, magoti yakigonga ubao. Katika miaka hiyo alijifunza hesabu, na historia, na jambo moja lisilokuwa kwenye kitabu: kwamba kitu kigumu ukikirudia kila siku, huchoka kabla yako. Tangu siku alipotolewa shule ili wadogo zake wasome, hakuwa amekitamani kitu kama alivyoitamani kazi hii.

Bwana Kuiper aliingia saa mbili na kikombe chake cha chai. Nyuma yake aliingia Wanyonyi, karani wa takwimu, kijana mwenye diploma ambaye hakuficha kwamba alidhani mashine ingemwangukia yeye.

"Leo ni majina," Bwana Kuiper alisema. Kiswahili alijifunzia Tanga, na kilikuwa kimenyooka kuliko cha watu wote wa ofisi ile. "Programu inataka majina mawili. La kwanza na la mwisho. Anwani inatokana na la mwisho. Mimi ni Kuiper. Baba yangu ni Kuiper, babu yangu Kuiper, mtoto wangu Kuiper."

"Wote?" Priscah aliuliza.

"Wote."

"Sasa mkiwa nyumbani mtu akiita Kuiper, ni nani anaitikanga?"

Bwana Kuiper alicheka mpaka chai ikamwagika kidogo. "Nyumbani hakuna anayeita hivyo, Mama Mitchel. Ni jina la nje ya mlango."

"Na maana yake?"

"Fundi wa mapipa. Mapipa ya mbao, ya kutilia samaki na pombe. Mzee mmoja wa kwetu alifanya kazi hiyo, watu wakamwita hivyo, na jina likatushika. Mimi sijawahi kutengeneza hata ndoo. Ukimwona Smit, mzee wake alikuwa mhunzi. Mulder, msaga unga. Visser, mvuvi. Waingereza ni hivyo hivyo: Taylor ni mshonaji, na Johnson ni mtoto wa John, hata kama John mwenyewe alikufa miaka mia nne iliyopita. Wengine wana jina la mahali. Van den Berg ni mtu wa mlimani."

"Na Uholanzi nilisoma haina mlima," Wanyonyi alisema kutoka mlangoni.

"Haina. Labda alikuwa na kichuguu."

"Na kabla ya hapo?" Priscah aliuliza. "Kabla ya fundi wa mapipa?"

"Kabla ya hapo, mtu aliitwa kwa jina lake na la baba yake, basi. Vijijini wengi waliendelea hivyo hadi Wafaransa walipotutawala. Mwaka wa 1811 walitoa amri kila mtu aandikishe jina moja la kudumu, yeye na wanawe. Serikali ilitaka kujua nani ni nani."

"Kama kipande," alisema Wanyonyi.

Priscah aliwaza juu ya babu yake, aliyevishwa na wakoloni kipande cha kitambulisho shingoni kama kengele ya mbuzi, naye akashangaa kusikia kwamba hata Wazungu walishurutishwa.

"Sisi si hivyo," alisema. "Huyu Wanyonyi alizaliwa watu wakipalilia. Wekesa ni wa mavuno. Nabwire wa usiku. Mimi, Awinja nilipewa kwa ajili ya shangazi ya baba yangu aliyekufa. Dada yangu ana jina la marehemu mwingine, kaka yangu mwingine. Hakuna jina letu sote."

"Kwa hivyo anwani yangu ni palizi," Wanyonyi alisema. "Barua zangu zitakuja mvua ikinyesha tu."

"Mashine haijui hayo yote," Bwana Kuiper alisema. "Ilitengenezwa na watu wenye jina moja la mwisho. Wewe chukua la mwisho kwenye orodha ya ofisi, uliandike. Watu arobaini na mmoja. Nairobi wana orodha hiyo hiyo."

Priscah alianza kuandika Jumanne. Aliandika polepole, kidole kimoja kwenye karatasi, vingine kwenye kibodi, akirudia kila jina kwa midomo bila sauti. Alifika la ishirini na tisa karibu saa nne. Lilikuwa la mtu wa zahanati ya Lumakanda, kwenye mashamba ya mahindi ya Lugari. Ainea Shitanda.

Shitanda lilikuwa pia jina la baba mkwe wake.

Tangu aolewe na Lusweti, miaka ishirini na miwili, ulimi wa Priscah haukuwa umelibeba jina hilo hata mara moja. Mke hamtaji baba wa mumewe. Hampi mkono, haketi alipoketi, na akikutana naye kwenye njia nyembamba humpisha. Na ikiwa mtoto wa boma atapewa jina la mzee huyo, mama wa mtoto hatamwita kwalo. Atamwita Kuka, yaani babu, hata kama bado ananyonya. Shemeji yake Priscah alikuwa na Kuka wa miaka minne aliyekuwa akikimbia na kamasi puani, na hakuna aliyeona ajabu.

Ofisini jambo hilo halikuwa limewahi kuleta shida. Ainea alikuwa Ainea. Sasa vidole vya Priscah viliandika Ainea, vikaruka hadi nafasi ya pili, na bila yeye kukaa kushauriana navyo, vikaandika kuka. Hakuona kosa. Aliona ni heshima, kama mtu anayehama upande wa pili wa njia. Akaenda kwenye jina la thelathini.

Jumatano barua kumi na saba ziliingia, nazo zikajipanga katika masanduku yake kama kuku wanaojua viota vyao. Bwana Kuiper aliangalia, akasema, "Safi." Jioni hiyo Priscah aliimba tenzi jikoni hadi binti yake Mitchel akauliza kama kuna mgeni anayekuja.

Alhamisi saa tatu, pikipiki ilizimwa nje, na Ainea mwenyewe akaingia na kofia ngumu kichwani, vumbi la Lugari hadi kwenye nyusi.

"Nimekuja kuuliza kama nimekufa," alisema. "Maana mtu wa hapa akifa mnatangazanga, na mimi sijasikia tangazo."

"Ainea, keti kwanza," Priscah alimwambia.

"Sitaketi. Jana lori lilileta friji ya chanjo Lumakanda. Friji tuliyoingoja mwaka mzima, Mama Mitchel. Mimi nilikuwa mjini Turbo na funguo mfukoni. Dereva amekuta kufuli, ameenda na friji yake. Nimewapigia Nairobi, wanasema walinitumia barua Jumanne jioni, barua imerudi. Imeandikwa, hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Bwana Kuiper aliitwa, Wanyonyi akamfuata, na Madam Jepkemboi akaja nyuma yao. Mholanzi alifungua sanduku moja ambalo Priscah hakuwa anajua kwamba linafunguliwa. Lilikuwa la msimamizi wa posta, na ndani yake ilianguka nakala ya kila barua iliyoshindwa kufika. Kulikuwa na moja tu. Priscah aliisoma, kwa kuwa macho hayakatazwi, na kabla hajamaliza mstari wa kwanza alijua.

"Majina aliingiza nani?" Madam Jepkemboi aliuliza. Alikuwa mwanamke wa Kinandi, mrefu, asiyepandisha sauti.

"Mimi, Madam."

"Huyu ulimsahau?"

"Sikumsahau."

"Sasa ni nini?"

Priscah alifungua mdomo. Ili kueleza, ilimpasa kulisema lile ambalo hakuweza kulisema, mbele ya wanaume watatu. Mdomo ukafungika wenyewe.

"Friji italetwa Jumatatu, nimeongea nao," Madam Jepkemboi alisema. "Kesho saa sita Bwana Kuiper atawaambia Nairobi wamtumie Ainea barua kwa jina lake kama lilivyo kwenye orodha. Ikifika, sawa. Isipofika, boksi liko tayari."

Adhuhuri Priscah aliomba ruhusa akaenda Mayoni. Alimkuta baba mkwe wake kwenye miwa, akipalilia kwa jembe lililochakaa hadi kuwa kama kijiko. Alisimama mbali, mstari mmoja wa miwa katikati yao, akiangalia chini.

"Mulembe, Baba."

"Mulembe, Mama Mitchel. Wamekufukuza kazi?"

"Bado."

"Hiyo 'bado' inakaanga karibu na 'ndiyo'."

Alimweleza kwa kuzunguka, kama mtu anayezunguka kisima gizani. Kuna mashine. Mashine inataka majina. Kuna mtu Lumakanda. Mtu huyo ana jina, na jina hilo lina mwenyewe hapa.

Mzee alinyoosha mgongo. "Hata Lumakanda liko?"

"Liko, Baba."

"Walilitoa wapi? Watu wa Lugari walichukua mashamba ya Wazungu, sasa wanachukua majina yetu." Lakini alionekana kufurahi kidogo.

"Nilikuwa nauliza, Baba. Kuandika si kutaja. Ni vidole tu."

"Na kanisani ukisomewa Waraka wa Paulo, Paulo hajasema?"

"Amesema."

"Na aliandika kwa mdomo?"

Priscah aling'oa gugu moja lililokuwa miguuni pake.

"La," mzee alisema. "Hata siku nikifa, msalaba wangu wataandika wengine. Na usifikiri nakunyima. Mama yake Lusweti alikaa kwa baba yangu miaka thelathini. Siku moja ng'ombe wa mzee waliingia kwenye mahindi, naye mzee anasinzia hapo nje, na hakuna mtoto wa kutuma. Unajua alifanya nini? Aliwaambia kuku. 'Enyi kuku, kuna mtu ambaye ng'ombe wake wanamaliza mahindi.' Mzee akaamka." Alitema mate, akashika jembe. "Kwani ofisini kwenu hakuna hata kuku?"

Akarudi kwenye palizi yake. Priscah aliondoka akiwa na jibu la hapana na mfuko wa viazi vitamu ambao mzee alikuwa ameuweka kwenye mstari wa miwa na kujisogeza, ili auchukue bila mikono yao kukutana.

Alifika darasani saa kumi na moja, wa kwanza. Alikuwa na kile kitabu cha mashine, ambacho hakikuwa kitabu bali bunda la karatasi zilizotobolewa pembeni, na kamusi ya shule. Hakuomba muujiza. Aliona aibu kumsumbua Mungu kwa muujiza juu ya kosa alilolifanya kwa vidole vyake. Aliomba ukurasa. "Kama kuna ukurasa, Bwana, nipeleke huko. Kama hakuna, nipe moyo wa kufunga boksi vizuri."

Kisha akasoma tangu mwanzo. Sura ya sita alikuwa ameiruka wiki iliyopita kwa sababu kichwa chake kilikuwa neno asilolijua. Safari hii alilitafuta. Kamusi ilisema ni jina lingine la mtu. Mwalimu Phoebe alipoingia na chaki zake, Priscah alimwonyesha.

"Hiyo ni lakabu," mwalimu alisema. "Mshairi ana lakabu. Mwizi pia ana lakabu. Soma sentensi nzima."

Aliisoma mara tatu. Kulikuwa na orodha nyingine ndani ya mashine, mbali na ile ya masanduku. Kila mstari wake ulikuwa na pande mbili. Kushoto, jina ambalo watu wa nje wanalitumia. Kulia, sanduku lenyewe. Barua ikija kwa jina la kushoto, mashine inaipeleka kulia. Na sanduku moja laweza kuwa na majina mengi kadiri yanavyohitajika.

Priscah aliegemea dawati. Kumbe walijua. Hao hao wana wa mafundi wa mapipa, waliokuwa na jina moja la mwisho, walijua kwamba mtu huitwa hivi na serikali na vile na watu wake wa nyumbani. Yeye mwenyewe alikuwa Awinja kwenye kitambulisho, Mama Mitchel sokoni, Dada Priscah kwenye kwaya, na hakuwa amepotea hata siku moja katikati ya majina hayo.

Kilibaki kitu kimoja. Upande wa kushoto ulitaka kuandikwa, na vidole vyake bado vilikuwa vyake. Aliwakumbuka kuku wa marehemu mama mkwe wake. Kisha akamkumbuka Wanyonyi, na akatamani kama kungekuwa na kuku kweli.

Ijumaa alimkuta akichonga penseli.

"Ndugu yangu Wanyonyi, nina shida."

"Ya herufi nane," Wanyonyi alisema. "Niliiona jana usoni kwako. Huyo mzee wa Mayoni ni baba ya mume wako, na hata mtoto wa chekechea angejua."

"Kama ulijua, mbona hukusema?"

"Ningesema, ningekuwa nakusaidia." Alipuliza vumbi la penseli. "Nikikuandikia hizo herufi, mashine inakaa na wewe. Nikikataa, inaenda Eldoret. Mimi napata nini?"

"Hupati kitu."

"Angalau hunidanganyi."

"Nitakufundisha kila ninachojua juu yake. Lakini hiyo ningefanya hata ukikataa, kwa hivyo si malipo."

Wanyonyi aliweka penseli chini. Alitazama nje ambako dereva alikuwa akiosha gari litakalobeba boksi.

"Ningekuwa mtu mbaya ningekuambia ulitaje kwanza, mara moja tu, nisikie."

"Ungekuwa mtu mbaya nisingekuja."

"Unajua mke wangu anamwitanga baba yangu nini? 'Mwenye nyumba.' Nyumba ni yangu, nimejenga mimi, lakini mwenye nyumba ni mzee." Alisimama. "Twende. Na nikimaliza, nitajiita Daktari wa Mashine."

Priscah alifungua orodha ya lakabu, akafika kwenye mstari mtupu, akampisha kiti. Wanyonyi aliandika kwa kidole kimoja, akikinyanyua juu sana kabla ya kila herufi kama mtu anayepiga ngoma ya harusi, huku Priscah akitazama dirisha. Alipoambiwa tayari, alirudi, akaweka alama ya nukta mbili, na mbele yake akaandika kuka.

Saa sita chumba kilijaa. Bwana Kuiper alisimama mikono ikiwa nyuma ya mgongo, kwa kuwa walikubaliana hatagusa kitu. Ainea alikuwa na kofia yake kwapani. Madam Jepkemboi alisimama mlangoni. Nairobi walipigiwa simu, wakasema wametuma. Priscah aliiamuru mashine ipige simu. Modemu ililia, ikanyamaza.

Sanduku la kuka lilikuwa tupu. Katika sanduku la msimamizi wa posta kulikuwa na barua mpya moja. Ilikuwa imerudi.

Nje, dereva aliufunga mlango wa gari. Ndani ya Priscah sauti ya zamani ikaanza kumwambia kwamba darasa la saba ni darasa la saba. Aliiacha iseme. Alifumba macho, si kwa maombi marefu, kwa neno moja tu, kisha akaurudia ukurasa ule kichwani, mstari kwa mstari, kama alivyozoea kurudia tarehe za historia. Pande mbili. Kushoto, kulia. Majina mengi kadiri yanavyohitajika. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo: orodha ikibadilishwa, mashine huendelea kutumia ya zamani hadi iamriwe kuisoma upya.

Hakuwa ameiamuru. Ilikuwa kama tangazo la chifu lililobandikwa ndani ya kabati.

"Nimesahau kitu kimoja," alisema. "Naomba dakika mbili, na naomba waitume tena."

Bwana Kuiper alimgeukia Madam Jepkemboi. Madam Jepkemboi alitikisa kichwa kukubali, mara moja.

Priscah aliandika amri. Mashine ilijibu kwa mstari mfupi kwamba imesoma lakabu moja. Nairobi walipigiwa tena. Modemu ililia tena, na safari hii ilionekana kulia muda mrefu kuliko siku zote. Iliponyamaza, alifungua sanduku la kuka. Barua ilikuwa mle.

Ainea aliinama juu ya bega lake, akasoma. "Ni yangu. Imeandikwa 'Jaribio,' basi." Akatazama juu ya skrini. "Lakini hapa juu wananiita Kuka. Mimi ni mdogo kwako, Mama Mitchel."

"Nina Kuka mwingine wa miaka minne. Usilalamike."

"Mimi sielewi," Bwana Kuiper alisema. "Kwa nini hukuandika jina lake moja kwa moja tangu Jumanne?"

Priscah alitazama mikono yake. Wanyonyi ndiye aliyeeleza, kwa ufupi na bila kumcheka: nani ni nani, na jina gani halipiti katika mdomo gani. Mholanzi alisikiliza hadi mwisho.

"Miaka sita niko hapa," alisema. "Hakuna aliyeniambia."

"Hukuwa umeoa kwetu," Wanyonyi alimjibu.

Bwana Kuiper alicheka, akampa Priscah mkono, akaushika kwa mikono miwili kama walivyofanya watu wa huku. Kisha Madam Jepkemboi akasema watu waende wale, na watu wakaenda. Yeye hakwenda. Alivuta kiti, akaketi karibu na Priscah, akatoa karatasi kwenye mfuko wa koti.

"Fungua barua mpya," alisema. "Inaenda Eldoret, kwa mkuu wa ofisi."

Priscah alifungua. "Jina lake, Madam?"

Madam Jepkemboi aliilaza karatasi mezani, akaigeuza, akaweka kifuniko cha kalamu chini ya jina la mwisho. "Huyu," alisema. "Wanyonyi ndiye ananiandikianga anwani yake. Anafikiri ni miwani yangu mbovu."

Priscah alilitazama jina. Lilikuwa jina la Kinandi kama mengine, na kwake halikuwa na uzito wowote. Kisha akatazama uso wa mwanamke aliyeketi kando yake, aliyekuwa akiangalia ukuta kwa makini sana.

"Jina la baba ya mume wako, Madam?"

"Tangu mwaka wa sabini na tisa."

Priscah aliliandika herufi kwa herufi, bila kulisoma kwa sauti. "Nimeshaandika."

"Sasa andika hivi." Madam Jepkemboi alikohoa kidogo. "'Mashine haitakuja kwenu. Kuanzia Jumatatu, barua zote za Kakamega na zahanati zake zitakuwa chini ya msimamizi wetu, Bi. Priscah Awinja.'"

Vidole vya Priscah vilienda vizuri hadi kwenye msimamizi, vikasimama hapo, vikaendelea. Aliliandika jina lake lote. Machozi yalikuja, lakini Madam alikuwa bado anaongea, kwa hiyo aliyafuta kwa bega na kusubiri sentensi iliyofuata.